Chumba Kabla ya Nikaha

Jana usiku, mbele ya televisheni na wazee wa kuukeni na kuumeni, nilimwingiza bwana harusi chumbani kabla hajaozeshwa.

Picha ni za harusi ya Malindi, hapa Zanzibar; programu ya kuzipanga kwa saa niliiandika mwenyewe, na nilishajisifu. Ikaja picha ya bwana harusi akifunguliwa mlango. Ikafuata ya biharusi akifunuliwa shela. Baada ya hayo yote ndipo akatokea shehe, kampa bwana harusi mkono, anamwozesha. Bibi mmoja akatua kikombe: "Kwenu, mwanangu, chumba hutangulia nikaha?"

Za nikaha zilitoka kwenye kadi ya kamera, za chumbani kwenye simu ya wifi mtu. Kadi ile hupanga faili kwa FAT, mtindo wa Kimarekani wa zama za disketi, na namna unavyoibana saa ya faili hunipa raha hata leo. Mwaka una biti 7, kuanzia 1980. Mwezi 4, siku 5, saa 5, dakika 6. Sekunde zimebakiziwa 5, na biti 5 hazihesabu zaidi ya 32, basi sekunde huhesabiwa mbili mbili. Kwenye kadi ile hakuna sekunde ya witiri!

Kitu kimoja FAT haiandiki: hiyo ni saa ya wapi. Kompyuta yangu ya Linux huhesabu sekunde tangu 1 Januari 1970, saa sita usiku ya Greenwich, kwetu saa tisa. Programu ikadhani kadi nayo inasema Kigreenwich, ikaongeza saa tatu zetu. Nikaha ya saa kumi alasiri ikaangukia saa moja usiku. Mimi, ambaye tangu utotoni mshale ukiwa kwenye 4 nasoma kumi, nimeangushwa na tatu!

Wala si mara ya kwanza kupotea majira: mwezi uliopita nilialikwa karamu ya usiku wa Ijumaa, nikaenda Ijumaa. Sahani zilishaoshwa tangu Alhamisi.

Dawa ya picha ni mstari mmoja: kuitajia programu mji wa kamera. Nikaandika Zanzibar. Ikakataa. Katika orodha ya majira ambayo kompyuta za dunia hutegemea, Dar es Salaam ni lakabu ya Nairobi, na sisi hatumo kabisa. Mnara wetu wa saa, ule wa Beit al-Ajaib, ulianguka 25 Desemba 2020. Kumbe hata uliposimama, kwa mashine hizi saa yetu ilikuwa ya jirani.

Nikaandika Nairobi, na ndoa ya Malindi ikahalalika.