Hongera, Umenunua Nusu ya Nyumba Pacha

Hongera sana. Umepata nyumba ya mjini Uingereza, ya karne ya 18, iliyobanana na pacha wake kwa ukuta mmoja, na zote mbili zimo katika orodha ya majengo yanayolindwa na sheria. Weka nyundo chini. Keti usome.

Kwanza, ujue ulichonunua. Unadhani ni nyumba. Ni nusu ya uso. Waliojenga hizi pacha walijenga ili wauze upesi, na akili yao yote waliielekeza barabarani. Vuka barabara uitazame. Ghorofa ya kwanza ina madirisha marefu kuliko yote, maana huko ndiko wageni walikopokelewa. Kadiri unavyopanda yanafupika, mpaka kwenye vidirisha vya darini walikolala watumishi. Jiko liko chini ya ardhi, moshi na jasho lake mbali na macho ya watu. Juu kabisa ukuta umepandishwa ili paa lisionekane. Usiulize paa linaficha nini. Mvua itakujibu.

Sasa sogea karibu, lakini usiyaamini matofali. Matofali mazuri yalikuwa ghali, hivyo mengi ya yale yanayoonyesha kichwa, kana kwamba yamezama ndani ya ukuta kuufunga imara, ni vipande: tofali moja lilikatwa likafanya kazi ya mawili. Nyuma yake kuna matofali ya hovyo. Na huo mstari mweupe mwembamba kati ya tofali na tofali, ulionyooka kama uzi? Huenda si kiungo chenyewe. Fundi alijaza viungo kwa udongo wa rangi ya tofali, kisha akachora juu yake mstari wa chokaa ili kazi ya kulipua ionekane ya ustadi. Udanganyifu huo leo unalindwa. Ukibanduka, tafuta fundi anayejua kudanganya vilevile. Hulipwa kwa siku, na hana haraka.

Madirisha yanahitaji subira zaidi. Baada ya moto mkubwa wa London wa mwaka 1666, serikali iliuchukia ubao kwenye sura ya nyumba. Sheria ya 1707 ikapiga marufuku mapambo ya mbao chini ya paa. Ya 1709 ikataka madirisha yarudishwe ndani ya ukuta kiasi cha sentimita 10, na ya 1774 ikataka hata boksi la fremu lijifiche nyuma ya tofali. Kwa hiyo unaweza kukisia umri wa nyumba kwa kutazama tu dirisha lilivyokaa. Usiliseme hilo mbele ya jirani. Atakukumbusha kwamba sheria hizo zilikuwa za London, kwingine zilifuatwa baadaye kama fasheni, na utanyamaza.

Dirisha lenyewe hupandishwa kwa kamba na vyuma vya uzito vilivyofichwa pembeni. Kioo ni kimoja, upepo ni mwingi. Utaomba kibali cha kuweka vioo viwili, na kwenye fomu utaandika kuwa watoto wanasikia baridi. Ofisa wa uhifadhi atasikitika nawe kwa dhati. Kisha atapendekeza mapazia mazito.

Kuna pia dirisha lililozibwa kwa matofali. Kila mgeni utamwambia lilizibwa kukwepa kodi ya madirisha, iliyotozwa kuanzia 1696 hadi 1851. Mengine yalizibwa kwa sababu hiyo kweli. Mengi yalizaliwa vipofu: nyuma yake kuna bomba la moshi, ila uso wa barabarani ulidai dirisha pale ili mistari ilingane. Usijaribu kulizibua. Utakuta masizi, na baada ya masizi, barua ya halmashauri.

Barua hiyo isome ukiwa umeketi. Umeambiwa nyumba yako ni Daraja la II katika ile orodha ya majengo yanayolindwa, ukafurahi, ukidhani ni ulinzi wa juu juu. Zaidi ya tisa katika kila majengo kumi yaliyoorodheshwa Uingereza yako daraja hilo, na yote yanalindwa nje na ndani: ngazi, lipu, mahali pa moto, hata kibanda cha uani kama kilikuwapo kabla ya Julai 1, 1948. Kwa sheria ya mwaka 1990, kuligusa jengo kama hilo bila kibali kwa namna inayobadili sura yake ni jinai, na kifungo chaweza kufika miaka 2. Na kama aliyekuuzia ndiye aliyeng'oa mahali pa moto zamani, halmashauri inaweza kukuamuru wewe uparudishe. Hilo halitajwi siku ya kuonyeshwa nyumba.

Lipu ikidondoka, usipeleke saruji. Chokaa huachia unyevu utoke, saruji huufungia ndani mpaka ukuta uoze. Ukisema hivyo utaonekana msomi, ingawa fundi yeyote wa Lamu au Mji Mkongwe angekwambia bure.

Rangi ya mlango shauriana na pacha. Mjini Bath, miaka ya 1970, mama mmoja wa Royal Crescent, namba 22, alipaka mlango wake njano. Halmashauri ikamwamuru aupake mweupe. Akakataa, shauri likafika kwa waziri, mama akashinda. Wewe si yule mama.

Ukishindwa, na siku yenyewe haiko mbali, panda treni uende Brook Street, London, namba 23 na 25. Mtunzi wa muziki Handel alihamia namba 25 mwaka 1723, ikiwa mpya. Humo aliandika "Messiah" mwaka 1741, na humo alifia mwaka 1759. Mpiga gitaa Jimi Hendrix aliishi ghorofani namba 23, 1968 hadi 1969. Vibao viwili vya buluu vinawakumbuka, jirani kwa jirani. Wenye nyumba hawana kibao. Hendrix alikuwa mpangaji, na Handel naye, kwa miaka 36, alikuwa mpangaji.