Mwongozo wa Kuchagua Petroli kwa Mwenye Gari Asiyependa Kusoma

Hongera, umenunua Vitz iliyotoka Japani, na muuzaji amekuapia kwamba kilomita zake ni za kweli. Limebaki jambo moja zito: oktani. Fuata hatua hizi.

Hatua ya kwanza: usitazame nyuma ya kifuniko cha tangi. Mara nyingi pana kibandiko kinachotaja petroli inayofaa. Kimeandikwa Kijapani, basi kichukulie kuwa pambo. Ukikitafsiri kwa simu utaambiwa ni daraja la kawaida, ambalo kwa viwango vya Japani halipungui oktani 89 kwa kipimo cha RON. Petroli ya super ya kila siku hapa Kenya imeshapita hapo. Habari za namna hii huharibu raha.

Hatua ya pili: amini kwamba namba kubwa ni mbio kubwa. Wataalamu watakuchosha kwamba oktani hupima ustahimilivu tu: petroli ibanwe na pistoni bila kujiwakia kabla moto wa plagi haujaifikia. Eti wanaohitaji oktani kubwa ni wenye turbo na injini zenye mgandamizo mkubwa. Wapuuze. Wewe mvalishe bata wako koti la mvua, kisha lipa.

Hatua ya tatu: mpigie binamu aliye Marekani. Atakuambia kwa majivuno kwamba gari lake linakunywa 87 na halijawahi kukohoa. Usimfichulie kwamba Wamarekani huandika wastani wa vipimo viwili, RON na MON, na kwamba 87 yao ni kama 91 au 92 kwa hesabu yetu. Mwache akuonee huruma.

Hatua ya nne: sahau jiografia. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, shinikizo ndani ya silinda hupungua, na injini isiyo na turbo huridhika na oktani ndogo kuliko ikiwa Mombasa. Lakini wewe ni mtu wa Nairobi. Utaonekanaje kwenye pampu ya bei rahisi?

Hatua ya tano: ikiwa gari lako ndilo linalodai oktani ya juu, hapo sasa bana matumizi. Injini ikianza kugonga mlimani, ongeza sauti ya redio. Gari la kisasa lina kihisio kitakachochelewesha cheche ili kuinusuru injini. Utapoteza nguvu na kuchoma mafuta zaidi, lakini si umeokoa shilingi kadhaa kwa lita? Lisilo na kihisio litakutafutia urafiki wa kudumu na fundi wa pistoni.

Hatua ya sita: nunua ya mtungi kando ya barabara. Bei ya juu kabisa ya super hutangazwa na EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, kila tarehe 14 ya mwezi, ila huyu wa mtungi ana bei ya kirafiki. Mafuta taa yakichanganywa na petroli hushusha oktani, na uchakachuaji huo ulizidi hadi serikali ikayatoza ada maalumu mwaka 2018. Rafiki yako, bila shaka, hana habari hizo.

Ukishindwa na hatua zote sita, iko njia ya wavivu: fungua kifuniko, soma kibandiko au kitabu cha gari, weka daraja lililotajwa kutoka kituo chenye leseni, usizidishe wala usipunguze. Chenji inayobaki nunulia oili.