Barua ya wazi kwa Mheshimiwa mwenye dhamana ya ziwa

Mheshimiwa,

YAH: OMBI LA MAJI MAANGAVU KWA AJILI YA NDOA ZA FURU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Naomba radhi kukukatiza vikao vyenye uzito kwa jambo la samaki asiyezidi urefu wa kidole.

Ziwa Victoria, upande wa Mwanza, wako furu wa aina mbili, ndugu wa karibu. Dume wa aina moja ni wa buluu. Wa pili ana mgongo mwekundu na ubavu wa manjano wenye milia myeusi. Mwaka 1985 wanasayansi walimwita nyererei, kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Majike wa pande zote wamefifia rangi na wanafanana mno. Hata hivyo jike ndiye anayechagua, tena kwa macho: wa nyererei humtaka mwekundu. Mayai atayabeba mdomoni mwake, kwa hiyo tusimlaumu kwa kuwa mteuzi.

Mwaka 1997 mtafiti Ole Seehausen na wenzake walichapisha walichokiona. Maabarani, penye mwanga mweupe, jike alimfuata dume wa aina yake. Ilipowashwa taa ya rangi ya chungwa, buluu na nyekundu zisitofautiane, uteuzi ukaisha. Ziwani ni hivyo hivyo. Kisiwani Makobe, kwenye maji maangavu, kila aina imebaki na yake. Luanso, ndani ya ghuba kwenye maji ya tope, wamejaa wa rangi ya katikati, si wa huku si wa kule. Machotara hao wanazaa vizuri tu, Mheshimiwa. Aina mbili zinaweza kugeuka moja bila samaki hata mmoja kufa, na pasipo maiti nani ataunda tume?

Najua sangara ndiye hulaumiwa, na kweli amewala furu wengi. Lakini sangara halimi kingo za mito, hamwagi mbolea, wala hafungulii majitaka ziwani mpaka mwani ukastawi na maji yakapoteza uangavu.

Sithubutu kukukumbusha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na zile mita 60 za ukingo zinazolindwa. Unaijua kuliko mimi. Semina zake hufanyika kwenye kumbi zenye mandhari nzuri ya ziwa.

Naomba tu, ratiba yako ikiruhusu, mita hizo zipimwe na majitaka yasafishwe kabla ya kumwagwa.

Wako mtiifu,
Mnywaji wa maji ya ziwa hilo hilo,
Mwanza.