Kaorodha Kadogo Tu

Mwaka 1974 wataalamu wawili wa IBM huko San Jose, California, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, walitangaza lugha ya kuiuliza kanzidata maswali. Nia yao ilikuwa njema kupita kiasi: mhasibu, au mtu yeyote wa ofisini asiyejua kuandika programu, akae mbele ya mashine ajiulizie mwenyewe. Miaka minne kabla yake mwenzao Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa rubani wakati wa Vita Kuu ya Pili, alikwisha onyesha kuwa data zote zinaweza kukaa kwenye majedwali, na mtu akasema anachokitaka bila kueleza kilikofichwa. Lugha hiyo ndiyo leo tunayoiita SQL. Nusu karne imepita, na mhasibu wetu bado anakuja mezani kwangu.

Mimi natunza kanzidata ya chama cha akiba na mikopo. Jina lake nalihifadhi, maana mkutano mkuu umekaribia. Maombi hayaji kwa maandishi. Yanakuja kwa mdomo, mlangoni, mwombaji akiwa ameshika kikombe cha chai: "Mwanangu, hebu nitolee kaorodha kadogo tu ka wanachama hai." Namuuliza Mama Mhazini, hai ni yupi? Aliyelipia hisa? Aliyeweka akiba mwaka huu? Ambaye hajafariki? Ananitazama kwa huruma. "Si unajua jamani, wale walio hai hai."

Na kweli najua. Sisi tumelelewa kusikia nusu ya neno na kujaza iliyobaki. Mashine haikulelewa na mtu.

Mwenyekiti siku moja alitaka majina ya wanachama ambao hawajawahi kukopa, ili akawahamasishe. Kijana wa chuo aliyekuwa kwetu kwa mafunzo kwa vitendo akaandika swali lililonyooka: niletee kila mwanachama ambaye namba yake haimo katika jedwali la mikopo. Akabonyeza. Jibu likaja haraka, na lilikuwa tupu. Hakuna hata mmoja. Mwenyekiti, mtu wa kupenda habari njema, akaibeba hadi kwenye kikao cha bodi na kutangaza kuwa chama chetu kina wakopaji asilimia 100. Katibu, ambaye hajawahi kukopa hata kiberiti, akanyoosha mkono taratibu.

Kisa kilikuwa mkopo mmoja. Karani aliupokea akaacha namba ya mwanachama wazi, na mahali pasipojazwa kanzidata huweka NULL. Hiyo NULL haina thamani ya sifuri, wala si neno tupu. Maana yake ni "sijui". Sasa mashine inapoulizwa, je, Katibu hayumo kati ya waliokopa, inapitia orodha, inamkuta huyo asiyejulikana, inasita. Labda ndiye Katibu? Sijui. Na kwa kuwa ulitaka wale tu ambao ina uhakika nao, inamwacha. Inakuja kwa anayefuata, inasita vilevile, mpaka watu wote wameisha. Mkopo mmoja usio na mwenyewe umewatia mashakani wanachama wote. Dawa yake ni fupi: ondoa zilizo wazi kabla ya kulinganisha, au tumia NOT EXISTS badala ya NOT IN. Karani alipoulizwa kwa nini aliacha pengo, alijibu bila wasiwasi kwamba yule mtu alisema angeleta namba kesho.

Afadhali hata aliyeacha pengo. Wengine hujaza. Kwenye safu ya namba ya kitambulisho nimekuta "hana", nimekuta "-", nimekuta "ipo nyumbani", na kwa mzee mmoja, "muulize mkewe".

Lililotutoa jasho hasa ni la warithi. Ripoti yenyewe ilikuja na mfumo tulioununua: jina la mwanachama, akiba yake, warithi wake, na chini kabisa jumla ya akiba za chama. Jumla ile ilikuwa kubwa kuliko fedha zote tulizowahi kuziona benki. Mama Mhazini hakushtuka. Kwa uzoefu wangu hakuna mhazini aliyewahi kulalamikia jumla iliyozidi. Alichoshtukia ni kwamba shemeji yake hayumo.

Ukiunganisha jedwali la wanachama na la warithi, kila mwanachama anarudiwa kwa kila mrithi aliyemwandikisha, pamoja na akiba yake nzima. Mwenye mrithi mmoja anabaki alivyo. Mzee wetu mmoja ana wake wawili na watoto tisa, wote kawaandika kwa haki, kwa hiyo akiba yake ikahesabiwa mara 11. Ukiifuata ripoti ile, utajiri ulikwenda kwa uzazi. Na yule asiye na mrithi hata mmoja, kama shemeji wa Mhazini, muungano wa kawaida humtupa nje kabisa, yeye na fedha zake. Nilirekebisha: akiba zijumlishwe kwanza peke yake, ndipo warithi waletwe, tena kwa ule muungano wa kushoto unaombakiza mwanachama hata kama upande wa pili hana mtu. Jumla ikashuka. Bodi ikanilaumu kwa miezi, kana kwamba fedha zile nilizila mimi.

Lingine lilihusu heshima. Namba za wanachama ziliwekwa kama maandishi, na maandishi hupangwa herufi kwa herufi: 1, kisha 10, kisha 100, kisha 1000, na 2 anasubiri wote wanaoanza na moja wapite. Chama kimevuka wanachama 2,000. Mwanachama namba 2, mwasisi, aliyechangia bati la ofisi ya kwanza, akajikuta kwenye orodha ya mkutano mkuu akiwa nyuma ya watu 1,111. Alikuja na fimbo. Nilimpa shikamoo mara mbili, nikaigeuza safu ile kuwa ya tarakimu huku amesimama juu ya kichwa changu.

Kuhusu saa nitasema kidogo tu. Karani wa zamani aliandika saa tunavyozisema. Mwanachama aliyeweka fedha saa mbili asubuhi akaonekana amekuja saa nane usiku, 02:00, na mkaguzi wa hesabu akatumia asubuhi nzima kutaka kujua ni nani anayefungua ofisi usiku wa manane, na anapokea nini.

Siku za kazi nyingi tatizo huwa kufuli. Mhasibu anaanza kusahihisha akaunti, kanzidata inaishikilia mistari ile ili mwingine asiivuruge, inangoja aseme "thibitisha" au "futa". Hasemi. Anaenda kula wali maharage. Ni sawa na mpangaji aliyefunga choo cha uani akaondoka na ufunguo. Makarani wa dirishani wanabonyeza, wanangoja sekunde 50 ambazo MySQL, programu inayoendesha kanzidata yetu, huvumilia kwa kawaida, wanapata ujumbe wa kosa, wanabonyeza tena. Foleni inafika mlangoni. Kwa bahati mbaya kijana wetu wa mafunzo akachagua muda huohuo kuongeza safu mpya kwenye jedwali lile, na operesheni ya namna hiyo ina subira ya pekee: kiwango chake cha kungoja ni sekunde 31,536,000. Nimepiga hesabu, ni mwaka mzima. Tena inapongoja, hata wanaotaka kusoma tu wanasimama nyuma yake. Mhasibu alirudi akijichokoa meno, akauliza kwa nini watu ni wengi hivyo leo.

Nakala rudufu zetu zilikuwa za kupendeza, kwa kuzitazama. Mtangulizi wangu aliweka utaratibu wa kila usiku. Faili zimejipanga, kila moja na tarehe yake, hakuna siku iliyorukwa. Nilipofungua moja kujaribu kuirejesha, nikakuta haina kitu. Ukubwa: baiti 0. Iliyotangulia vilevile. Diski ilijaa zamani kwa kumbukumbu za mabadiliko ambazo hakuna aliyeagiza zifutwe, na kila usiku mashine ilitengeneza faili, ikaipa jina, ikakosa pa kuandika. Jina la faili halihitaji nafasi kubwa.

Sasa tunataka kuwatumia wanachama ujumbe wa simu kuhusu mkutano mkuu. Mwenyekiti kaomba "kaorodha kadogo tu ka namba". Nikaitoa. Kwa wanachama wote walioandikishwa katika miaka ya kwanza ya mfumo, namba ilikuwa moja: 2147483647.

Aliyeunda jedwali alidhani namba ya simu ni namba, akaiweka kwenye safu ya tarakimu kamili ya kawaida, ambayo mwisho wake ni 2,147,483,647. Namba zetu zikianza na 255 zina tarakimu 12, hazitoshi humo. MySQL za kabla ya toleo la 5.7 la mwaka 2015, zikiachwa na mipangilio yake ya awali, hazikuwa zikikataa kitu kilichozidi. Zilikikata hadi kikomo, zikanong'ona onyo ambalo hakuna aliyelisoma, zikaendelea. Namba ya simu ingewekwa kama maandishi tangu mwanzo, maana hakuna anayejumlisha simu za watu. Nilimweleza Mwenyekiti hayo yote, nikakosea kumwongezea kwamba 214 ndio msimbo wa simu wa Dallas, Texas. Akaitazama orodha kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo hawa wote," akasema, "wamehamia Marekani bila kumaliza mikopo?"

Namba za kweli hazipo tena ndani ya mashine, kilichokatwa kimekatwa. Zimebaki kwenye fomu za karatasi, nazo ziko stoo, chini ya viti vya plastiki vya mkutano mkuu uliopita. Tumezitoa jana. Panya wamekula kona ya juu kulia ya kila fomu, na huko ndiko zilikoandikwa namba za simu. Mama Mhazini amependekeza tuwapigie wanachama watuletee upya.