Jinsi ya Kukosea Kama Bosi Mwenye Akili

Utakosea. Tuanzie hapo, ndugu yangu, tusipotezeane muda. Uwe na duka la spea pale Gerezani au uwe na viwanda vitatu, utakosea mara nyingi, na makosa mengine utayafanya mbele ya watu uliowaajiri mwenyewe. Ninachoweza kukusaidia ni namna ya kukosea: mapema, kwa fedha ndogo, na kwa njia ambayo heshima yako itabaki mahali pake. Njia zipo, na nyingi ni za mkato. Sogeza kiti.

1. Usipigane na majivuno yako

Unapenda kuitwa bosi. Unapenda ukiingia ofisini mazungumzo yakatike. Sijakutana na kiongozi asiyependa hivyo. Wapo watakaokushauri uvue kiburi. Utajaribu wiki moja, wiki ya pili kitarudi na nduguze. Fanya lililo rahisi zaidi: kipe kiburi chako kazi. Kinachokiogopesha kuliko vyote ni wewe kuonekana mjinga. Basi kitumie kuutafuta ujinga wako ungali mchanga, kabla haujaota meno.

2. Sema wa mwisho

Hii ndiyo njia fupi kuliko zote, na haina gharama hata senti.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mtu wa mauzo katika kampuni moja ya vifaa vya ujenzi, Kariakoo. Serikali ilikuwa imetangaza kuhamia Dodoma, na kila mwenye duka la saruji alikuwa anaota maghorofa. Tulikaa ghorofani juu ya duka, feni inazunguka, chai ya tangawizi na vitumbua mezani. Bosi akafungua kikao: "Mimi naona tufungue tawi Dodoma. Nyie mnaonaje?" Tulikuwa saba. Mmoja baada ya mwingine tukasema, "Iko sawa, bosi." Mtunza stoo, mzee wa miaka sitini hivi, alikuwa na daftari lake la mali mbele yake, lile la jalada gumu. Alikuwa anaviringisha kona ya ukurasa kwa kidole, anaikunja, anaikunjua, hadi ikachanika. Ilipofika zamu yake, naye akasema iko sawa.

Tunashuka ngazi akanishika mkono. "Mwanangu, rangi za mwaka juzi bado zimejaa stoo. Tunakwenda Dodoma na nini?"

Mtaji wetu ulikuwa umelala kwenye makopo ya rangi. Daftari lililosema hivyo lilikuwa pale mezani, kati ya sahani ya vitumbua na birika, na hakuna aliyeomba lifunguliwe. Tawi lilidumu miezi kumi na moja.

Bosi wetu hakuwa mtu mbaya. Alipungukiwa na ukimya wa dakika kumi tu. Kwetu, mkubwa akishasema, kumpinga ni kukosa adabu, na watu wako wamelelewa vizuri. Ukitangulia kusema umewafunga midomo kwa adabu zao wenyewe. Kwa hiyo uliza swali, kisha mimina chai. Anza na mdogo kwa cheo, panda taratibu, wewe ufunge dimba. Usikunje uso wala usitikise kichwa, kwa sababu wamekuwa wakiusoma uso wako kila siku tangu uwaajiri. Kama huwezi kuuzuia, toka nje, waandike maoni kwenye vipande vya karatasi bila majina, urudi uyasome.

Na kiburi chako kitafurahi, maana anayesema wa mwisho ndiye anayeonekana na busara. Amesikia hoja za wenzake sita, anachagua iliyo nzuri, na watu wanatoka wakisema mzee ana akili.

3. Fanya msiba kabla ya harusi

Mwaka 2007 mwanasaikolojia Mmarekani Gary Klein aliandika katika jarida la Harvard Business Review kuhusu zoezi dogo ambalo ningependa kila kampuni ya Afrika Mashariki iligeuze sheria. Kabla mradi haujaanza, kusanya watu wako uwaambie: "Tumesogea mbele mwaka mmoja. Mradi huu umekufa, umeoza, watu wanatucheka. Kila mtu aandike umekufa kwa nini." Wape dakika chache, kisha kila mmoja asome sababu moja, mzunguko hadi mzunguko, mpaka ziishe.

Tazama ujanja wake. Ukiuliza, "Kuna mwenye wasiwasi?" anayenyoosha mkono anaonekana mchawi wa maendeleo. Ukisema mradi umeshakufa, anayetaja muuaji anaonekana hodari, na kila mtu anataka kuwa hodari kuliko jirani yake. Umewapa wenzako nafasi ya kujivuna, nao wamekulipa kwa ukweli. Mzee wetu wa stoo angepewa karatasi ile, angeandika neno moja: rangi.

4. Tazama mlango kabla ya kuingia

Katika barua yake ya mwaka 2015 kwa wanahisa wa Amazon, Jeff Bezos alitofautisha maamuzi kwa mfano wa milango. Kuna mlango unaoingia na kutoka utakavyo, na kuna unaoingia ukajifunga nyuma yako. Kubadilisha bei ya soda ni mlango wa kwanza: waachie vijana, waamue leo hii. Kuweka hati ya nyumba benki ni wa pili: lala usiku mbili tatu, zungumza na mkeo au mumeo. Mabosi wengi hugeuza. Rangi ya sare za wahudumu huifanyia vikao vinne, na mkopo wa milioni mia tano huupitisha wakiwa kwenye gari.

5. Mpango wako usiupe jina zuri

Hapa naomba utulie, kwa sababu kosa hili ni tamu.

Mwaka 2012 Kenya Airways ilikuwa na mpango wa miaka kumi uliopewa jina Mradi Mawingu. Shirika lenye ndege thelathini na kitu lilipanga kufikisha ndege 119 ifikapo 2021, liruke hadi kila bara linalokaliwa na watu. Wanahisa waliombwa kuchangia shilingi bilioni 20.7 za Kenya. Zikapatikana takriban bilioni 14.5. Watu walishasema kwa pochi zao kwamba wana shaka. Mpango ukaendelea. Kisha yakaja ya dunia: moto ulioteketeza sehemu ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta Agosti 2013, shambulio la kigaidi kwenye jengo la maduka la Westgate mwezi uliofuata, Ebola ya Afrika Magharibi mwaka 2014, na mikataba ya mafuta iliyogeuka mzigo bei ya mafuta ilipoanguka. Ndege mpya nazo zilikuwa zinaingia, na kila ndege na deni lake. Mwaka wa fedha ulioishia Machi 2015 hasara ilikuwa shilingi bilioni 25.7. Uliofuata, bilioni 26.2. Baadhi ya ndege kubwa zilizoletwa wakati wa ndoto ile zikakodishwa kwa Turkish Airlines na Oman Air.

Moto na Ebola haviwezi kuwekwa kwenye kosa la mtu yeyote pale, nami siviweki. Ninachokuomba ni kutazama jina. Mawingu! Nani atasimama kwenye kikao aseme tupunguze Mawingu? Mpango wenye jina la kishairi, nembo, fulana na wimbo huacha kuwa mpango, huwa mtoto, na hakuna mzazi anayekubali kumkata mtoto mguu. Mpango wako uite "Jaribio la Machi". Uuandike kwa penseli. Ukifanikiwa, utaupa jina la mawingu, la nyota, hata lako mwenyewe.

6. Hesabu madeni, uache kuhesabu matawi

Mfanyabiashara akiulizwa anaendeleaje, hujibu kwa matawi: "Sasa tuko saba." Chukua Nakumatt, ile supamaketi ya Kenya. Ilianza Nakuru kwa kuuza magodoro, na jina lake ni ufupisho wa hayo mawili, mji na godoro. Kufikia kilele chake ilikuwa na maduka zaidi ya 60 Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda, na tembo wa nembo yake alijulikana kwa kila mtoto wa Nairobi. Mwaka 2017 rafu zikaanza kukauka. Wasambazaji walikuwa hawajalipwa, kwa hiyo hawakuleta mali. Mali ilipokosekana wateja wakaenda kwingine. Wateja walipokwenda, pesa ya kumlipa msambazaji haikupatikana. Wenye majengo wakaanza kufunga milango. Januari 2018 mahakama iliiweka chini ya msimamizi, na Januari 2020 waliokuwa wanaidai walipiga kura ifungwe. Madeni yalizidi shilingi bilioni 30 za Kenya. Maduka sita ya mwisho yalinunuliwa na Naivas kwa shilingi milioni 422.

Supamaketi ina siri moja ambayo ni baraka na sumu kwa pamoja: mteja analipa leo, msambazaji analipwa baada ya siku sitini au tisini. Katikati hapo unashika pesa nyingi ambazo si zako, na zinafanana kabisa na zako. Kila tawi jipya linakuletea rundo jingine la pesa za watu. Ni rahisi mno kulipia tawi la leo kwa maziwa ya jana ambayo hujayalipia.

Kwa hiyo nakupa njia ya mkato ya mhasibu maskini. Kila Ijumaa andika namba mbili tu kwenye karatasi: unadaiwa kiasi gani na wanaokuletea mali, na deni la zamani kuliko yote lina siku ngapi. Ibandike mahali utakapoiona wewe. Siku zikiongezeka wiki nne mfululizo, usifungue tawi hata kama umeshachapisha kadi za mwaliko. Na ukitaka kupima afya ya duka la mwenzako, usimuulize. Ingia, pita kwenye rafu, sukuma pakiti ya mbele kwa kidole. Ukikuta nyuma yake hakuna kitu, bidhaa zimepangwa mstari mmoja kuziba pengo, umeshasoma hesabu zake zote. Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio cha duka huanzia kwenye rafu.

Naumia ninapoandika haya, kwa sababu nyuma ya kila rafu tupu kulikuwa na mama aliyeleta mayai au mkulima aliyeleta mboga, akasubiri malipo yasiyokuja.

7. Andika tarehe ya kufunga siku ya kufungua

Nenda soko la Buguruni saa kumi na moja jioni. Mama wa nyanya amepanga mafungu yake. Anazibonyeza moja moja kwa kidole gumba, zilizolainika anazitenga upande wa kushoto, juu ya kipande cha gunia. Asubuhi fungu lilikuwa elfu moja. Jua likiteremka anapaza sauti: "Mia tano! Beba mia tano!" Bei aliyonunulia tenga hamwambii mtu wala hajiambii. Fedha ile imeshakwenda, na anajua nyanya hizi kesho ni maji.

Sisi wenye ofisi hatuwezi kufanya hivyo kwa moyo mmoja, maana tawi lililooza tunalipenda kwa kiasi cha fedha tulizolimwagia. Basi jifunge mapema. Siku ya kukata utepe, ukiwa umejaa matumaini na uko tayari kusaini chochote, andika: "Mauzo ya mwezi yasipofika milioni nane ifikapo tarehe 30 Juni, tunafunga." Saini, mhasibu asaini, akae nayo yeye. Siku ikifika utatafuta sababu, utasema mvua, utasema Ramadhani, utasema barabara inajengwa. Mhasibu atatoa karatasi. Utakuwa umeshindwa na mtu mmoja tu, yule wewe wa siku ya utepe, na kushindwa na nafsi yako hakumwondolei mtu cheo.

8. Ukirudi nyuma, rudi mchana

Tarehe 23 Aprili 1985 Coca-Cola ilibadilisha ladha ya kinywaji chake. Ilikuwa imewaonjesha watu karibu 200,000, na wengi walipenda ladha mpya. Wateja walipojua ile ya zamani inaondolewa, simu na barua za hasira zikamiminika. Baada ya siku 79, tarehe 11 Julai, viongozi wa kampuni walisimama mbele ya waandishi wa habari wakatangaza kwamba ladha ya zamani inarudi. Watu walishangilia, na mauzo yake yakapanda.

Iga hapo. Usirudishe bei ya zamani usiku kimyakimya. Simama mchana, sema kwa sentensi tatu: nilidhani hivi, nimeona vile, kuanzia leo tunafanya hivi. Usiongeze ya nne, kwa sababu ya nne huwa ni visingizio. Na jina la mfanyakazi lisitajwe hata kidogo. Ukimtupia mtunza stoo lawama zako mara moja, hutasikia tena kuhusu rangi.

Mkutano wako ujao ni lini? Jumatatu? Agiza chai, uliza swali lako, kisha nyamaza. Uanze na mtu wa stoo, na umwombe afungue daftari.