Yatima Mwenye Mama

Kila Julai Pwani ya Kenya hupokea wazazi wa wiki mbili. Hutua kwenye vituo vya yatima na mabegi ya penseli na mioyo iliyojaa huruma. Siku ya kwanza ni kukumbatia, ya pili ni kupaka rangi ukuta uleule uliopakwa na kundi la Juni. (Rangi sasa inakaribia unene wa tofali.) Watoto nao wameshaijua kazi: gari likipiga honi langoni, wimbo unaanza, na mdogo kuliko wote ananyoosha mikono abebwe. Mgeni chozi, simu picha, nauli ya ndege imelipa.

Tatizo ni kwamba yatima huyo Jumapili hutembelewa na mama yake. UNICEF wamelisema sana: watoto wengi wa vituo hivi duniani wana angalau mzazi mmoja aliye hai. Kilichofia nyumbani ni karo. Kenya ilisimamisha usajili wa vituo vipya mwaka 2017. Australia, mwaka 2018, ikauita ukusanyaji wa watoto kwa ajili ya michango utumwa mamboleo.

Basi mgeni wetu, kabla hujakata tiketi ya mwakani, muulize meneja mama wa mtoto huyu anaishi wapi. Huenda ni nauli ya matatu tu.