Mboga za Oveni

Kuoka mboga ni upishi wa kukata, kupaka mafuta na kungoja. Mikasa huanza kabla ya kisu kushikwa, kwa kuwa oveni katika nyumba nyingi za mjini Afrika Mashariki ni kabati. Humo hukaa masufuria, vikaango, mifuniko iliyofiwa na masufuria yake na, nyuma kabisa, bakuli la plastiki la jirani. Oveni ikiwashwa bila kukaguliwa, bakuli hilo ndilo huiva kwanza.

Joto linalofaa ni nyuzi 200 hadi 220. Katika oveni ambayo namba zake zimefutika kwa kusuguliwa, mpishi hukisia.

Karoti, viazi vitamu na boga hukatwa vipande vya sentimita 2 hadi 3 vinavyolingana. Pilipili hoho huiva upesi, hivyo hutiwa baadaye. Bitiruti hutengewa kona yake, la sivyo sinia zima huwa jekundu, na mpishi naye hadi viwikoni. Vijiko 3 vya mafuta hutosha kilo nzima, ingawa aliyelelewa na kikaango haamini, naye humimina kana kwamba anakaanga maandazi.

Kosa linaloharibu masinia mengi kuliko makosa mengine yote ni kujaza. Karoti ni maji kwa karibu asilimia 88. Bilinganya hupita 90. Vipande vikibanana, mvuke hukosa pa kutokea, na kipande kikiwa bado kimelowa, uso wake hauzidi sana nyuzi 100. Rangi ya kahawia na ule utamu wa kuungua kidogo huhitaji nyuzi 140 na zaidi. Kinachotoka basi ni mboga za kuchemsha zilizogharimu umeme wa kuoka. Dawa yake ni kuoka kwa awamu mbili, jambo gumu kulielezea kwa watu wenye njaa.

Mboga hukaa dakika 30 hadi 40 na kugeuzwa mara moja. Kila mlango ukifunguliwa kuchungulia, joto hutoroka. Umeme ukikatika katikati, zote huhamia jiko la mkaa zikawa mchuzi, na mchuzi huo haulalamikiwi na mtu.

Mezani linabaki tatizo la lugha. Tanzania, mboga ni chochote kinachosindikiza ugali, nyama na samaki wakiwemo. Mgeni huisifu karoti, huongeza boga, kisha huuliza kwa adabu kama mboga bado iko jikoni.